Kitimoto, kaskazi na kisu cha bucha

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na joto kutanda ukanda wote wa pwani, jikoni ni mahali ambapo mtu huingia kwa sababu hana budi. Mchana wa Februari Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa hewa hauliachi jasho likauke mwilini. Katikati ya joto hilo, nyumba inayokula nguruwe hupika kitimoto kwa mtindo uleule wa Juni na Julai: mapande makubwa yenye mfupa na ngozi yanachemshwa mpaka maji yakauke, yanaachwa yajikaange kwa mafuta yake, kisha vinafuata vitunguu, nyanya na pilipili. Ni saa nzima ya moto, mara nyingi zaidi. Na katika nyumba nyingi za mjini, hatua mbili tu kutoka kwenye jiko hilo, juu ya kabati imekaa maikrowevu ambayo tangu inunuliwe kazi yake ni kupasha wali wa jana na chai iliyopoa. Ninachodai hapa ni kwamba mashine hiyo inaweza kuivisha nyama ya nguruwe kwa dakika zisizofika 10, ikaiva sawasawa, ikalika ikiwa ya baridi na ikawa salama kwa mlaji. Kinachoizuia ni namna tunavyoikata nyama yenyewe. Bucha zetu hukata kwa ajili ya moto mrefu, na nyama iliyokatwa kwa moto mrefu hudai moto mrefu hata ungeiweka ndani ya mashine ya namna gani.

Ili kuona kwa nini kisu kina uzito kiasi hicho, inafaa kujua mashine hiyo inafanya nini. Maikrowevu haina moto. Ndani yake kuna kifaa kinachotoa mawimbi ya jamii ileile ya rada, yanayotikisika mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Undugu huo na rada ni wa kweli: mwaka 1945 mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, ambayo wakati wa vita ilitengeneza vifaa vya rada kwa jeshi la Marekani, alitambua kwamba mawimbi hayo yanaweza kupasha chakula, na miaka miwili baadaye zikatoka oveni za kwanza, zenye kimo cha mtu mzima. Mawimbi yakiingia kwenye chakula hutikisa molekuli za maji, na mtikisiko huo ndio joto lenyewe. Wengi husema maikrowevu hupika kuanzia ndani kuja nje. Hilo ni kosa, na ni kosa linaloharibu nyama nyingi. Mawimbi huzama kwenye nyama sentimita moja au mbili tu kwa nguvu ya maana, yakififia kila yanapokwenda chini. Kilicho ndani zaidi hungoja joto litambae polepole kutoka nje, kama kinavyongoja ndani ya sufuria. Ndiyo sababu pande la unene wa sentimita 5 hutoka na kingo ngumu kama soli ya kiatu huku moyo wake ukiwa bado mbichi. Kipande cha milimita 3, kwa upande mwingine, hakina moyo wa kungojewa. Wimbi linakipita chote. Kuna tatizo la pili, kwamba mawimbi hayasambai sawa ndani ya sanduku. Kuna pembe zinazopata mengi na pembe zinazopata machache, na sahani inayozunguka, ambayo kampuni ya Sharp ya Japani iliiweka kwenye mashine zake mwaka 1966, ilibuniwa kupunguza upungufu huo. Imepunguza, haikuumaliza.

Kumtaja Mjapani hapa hakukuja kwa bahati. Japani ndiko mapishi haya yalikokomaa, na sababu zake zinatuhusu. Majira yao ya joto, hasa Julai na Agosti, ni ya unyevu na jasho kama kaskazi yetu, na pengine makali zaidi: tarehe 23 Julai 2018 mji wa Kumagaya, si mbali na Tokyo, ulipima nyuzi 41.1. Wana hata neno lao, natsubate, la ule mchoko wa mwili unaoletwa na joto, pamoja na kupoteza hamu ya kula. Chakula kimojawapo wanachokimbilia wakati huo ni reishabu: nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba mno, ikaivishwa upesi, ikapozwa na kulazwa juu ya mboga, kisha ikamiminiwa mchuzi mchachu wa soya na ndimu au mchuzi wa ufuta. Kwa asili nyama hiyo huchovywa kwenye maji ya moto, lakini majumbani imekuwa kawaida kuitandaza juu ya kabichi au chipukizi za maharage, kuifunika na kuitia kwenye maikrowevu kwa dakika tano au sita. Kinacholifanya jambo hilo liwe jepesi kwao kimeshafanyika kabla mpishi hajafika nyumbani. Katika supamaketi zao nguruwe huuzwa akiwa tayari amekatwa, na trei huandikwa nyama ile ni ya pishi gani: hii ya kuchovya, ya milimita moja na nusu au mbili, hii ya kukaanga na tangawizi, nene kidogo, ile ya mabaki ya kukatakata kwa bei nafuu. Na mapishi yao hayasemi "weka dakika tano" yakaishia hapo. Husema dakika tano kwa wati 600, kwa sababu dakika bila wati ni kama kipimo cha kitambaa bila kusema ni futi au mita.

Wajapani wana maelezo mengine ya kupenda nguruwe wakati wa joto, na hapa inafaa kuchekecha. Nyama ya nguruwe isiyo na mafuta ina vitamini B1 nyingi kuliko nyama karibu zote za kawaida: gramu 100 zina takriban miligramu 0.8 au 0.9, mara kadhaa ya ng'ombe au kuku, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 1.1 au 1.2 kwa siku. Vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, na katika karne ya 19 mabaharia wa jeshi la Japani waliokula wali mweupe karibu mtupu waliugua na kufa kwa ugonjwa wa beriberi kwa kuikosa. Siku hizi wapo wanaosema kwamba sahani ya nguruwe inafukuza uchovu wa joto. Mimi sitaenda umbali huo. Anayechoka kwa joto anahitaji maji, kivuli na usingizi kabla ya nyama. Lakini kuna jambo dogo lenye uhakika. B1 huyeyuka kwenye maji, na nyama inapochemshwa kisha supu ikamwagwa, sehemu yake huenda na maji. Nyama iliyofunikwa na kuivishwa kwa mvuke wa mboga zake hubaki na maji yake palepale kwenye bakuli, nayo ndiyo yanayogeuka mchuzi. Kwa nchi ambayo sahani yake ya mchana ni wali mweupe au ugali wa sembe, hilo si la kudharauliwa.

Sasa tuje kwenye pishi lenyewe, maana hoja isiyoingia jikoni haina kazi. Chukua gramu 300 za steki ya paja au bega, isiyo na mfupa wala ngozi. Iweke kwenye friza kwa muda wa saa moja, ianze kukakamaa bila kuwa jiwe, kisha ikate kwa kisu kikali kukingamana na nyuzi zake, unene wa milimita 3. Kukingamana na nyuzi ni muhimu kuliko kiungo chochote utakachotia, kwa sababu ndiko kunakoifanya nyama itafunike ikiwa ya baridi. Acha ilainike yote kabla ya kuipika. Barafu hupokea mawimbi kidogo sana ukilinganisha na maji, hivyo nyama yenye mabaki ya barafu huchemka upande mmoja huku upande wa pili umeganda. Kata kabichi nyembamba kiasi hichohicho, itandaze chini kwenye bakuli pana la kioo au la udongo, na juu yake tandaza nyama tabaka moja. Tabaka moja, narudia, kwa kuwa vipande vyembamba vikirundikwa vinarudi kuwa pande nene, na kazi yote ya kisu imepotea. Nyunyizia vijiko viwili vya maji, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, funika kwa sahani ukiacha upenyo wa mvuke. Kwa wati 700, dakika 4. Toa, tenganisha vipande vilivyoshikana, vya katikati vipeleke pembeni na vya pembeni vije katikati. Rudisha kwa dakika 3. Kisha acha bakuli lililofunikwa litulie dakika 3 nyingine. Chumvi, ndimu, soya, pilipili ya kuchoma na kotmiri hufuata baadaye, na tango lililokatwa au embe bichi la kachumbari. Asiyejua mashine yake ina wati ngapi atazame kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimeng'oka, kikombe cha maji ya bomba, robo lita, kikianza kuchemka chini kidogo ya dakika 2, mashine ni ya wati 700 hivi. Kikichukua dakika 2 na nusu, ni ya wati 500 na muda uongezwe.

Faida ya kwanza ya mtindo huu ni joto lisilozaliwa. Kilo moja ya mkaa ina nishati inayokaribia uniti 8 za umeme. Nusu kilo, ambayo si nyingi kwa chungu cha kitimoto, ina kama uniti 4, na jiko la mkaa la kawaida huipa sufuria robo yake au pungufu. Zinazobaki, uniti 3 au zaidi, zinapasha hewa, ukuta na mtu aliyeinama juu ya jiko, ambaye katika nyumba zetu mara nyingi ni mama au dada wa kazi, si mimi wala wewe tunayesoma gazeti barazani. Maikrowevu ya wati 700 huvuta ukutani wati 1,200 hivi. Kwa dakika 7 hiyo ni uniti 0.14, kwa bei ya shilingi 350 kwa uniti, ni kama shilingi 50. Nusu hivi ya umeme huo inaishia kwenye chakula, na kinachobaki ni joto dogo linalopulizwa na feni ya mashine. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mazungumzo mengi juu ya mkakati huo ni ya mitungi ya gesi na majiko, na ni sawa yaanzie hapo. Lakini jiko jipya lililowekewa nyama ya saa moja na nusu litakula gesi ya saa moja na nusu, kisha mtungi uishe katikati ya mwezi na mkaa urudi mlangoni. Ukataji wa chakula ni sehemu ya nishati ya kupikia, ingawa hakuna anayeutangaza kwenye mabango.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na anayelitoa yuko sahihi kuhofu. Tegu wa nguruwe ni tatizo halisi Afrika Mashariki, kuanzia nyanda za juu kusini mwa Tanzania mpaka magharibi mwa Kenya na Uganda, kila panapofugwa nguruwe wa kuzurura na vyoo ni haba. Mtu akila nyama yenye vifuko hai vya tegu, hupata mnyoo mzima tumboni, na mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi chake. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, yeye mwenyewe au jirani, kwa mikono michafu, maji au mboga, viluwiluwi vyake vinaweza kwenda hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi, asilimia 30 hivi ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hiyo. Kwa hiyo anayesema nguruwe lazima aive hasemi ushamba wa bibi. Swali ni kama kuiva kunapimwa kwa saa au kwa nyuzi. Idara ya Kilimo ya Marekani tangu 2011 inakubali steki ya nguruwe iliyofika nyuzi 63 ndani kabisa na kupumzishwa dakika 3. Japani, ambayo mwaka 2015 ilipiga marufuku kuuza nguruwe wa kuliwa mbichi, inataka nyuzi 63 kwa dakika 30 au kiwango kinacholingana nacho, kama nyuzi 75 kwa dakika moja. Kwa kuwa maikrowevu hugawa joto kwa upendeleo, mimi ningechukua hiyo 75 kuwa mpaka wa chini na kutazama vipande vya katikati, si vya pembeni. Kipimajoto cha nyama ni kitu kidogo chenye sindano, na anayepika nguruwe nyumbani anakihitaji kuliko anavyohitaji mashine ya kusagia juisi.

Tukipima hivyo, pande na kipande chembamba havilingani kwa hatari. Pande kubwa lenye mfupa ndani ya maikrowevu ni hatari kweli, maana mfupa huyazuia mawimbi yasifike vizuri kwenye nyama iliyo nyuma yake, na hilo sitalitetea hata kidogo. Lipelekwe kwenye sufuria. Kipande cha milimita 3 kilichotandazwa, kikageuzwa, kikafunikwa na kupumzishwa hakina mahali pa kuficha ubichi, na mvuke uliofungiwa ndani ya bakuli humalizia pale palipopitwa na mawimbi. Tena ukataji mwembamba humsaidia mpishi kuona: vifuko vya tegu, vyeupe, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi, huonekana kirahisi kwenye vipande kuliko ndani ya pande, na nyama ya namna hiyo haipikwi, inarudishwa bucha na mkaguzi wa nyama anaambiwa. Anayetaka kinga ya ziada ana friza. Miongozo ya kimataifa inasema nyama ikikaa nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku tatu vifuko hivyo hufa, ila friza lazima iwe inafika huko kweli, na baada ya hapo nyama ipikwe vilevile. Kinachonitia hofu zaidi katika chakula cha baridi ni kile kinachotokea baada ya kuiva. Katika joto la zaidi ya nyuzi 32, chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa mezani zaidi ya saa moja, kwa kuwa vijidudu huzaana kwa kasi. Reishabu ya Dar es Salaam huliwa palepale au huingia kwenye friji ndani ya saa hiyo. Hakuna "nitakula nikirudi kanisani".

Wapenzi wa kitimoto watauliza habari ya ladha, na wana haki. Maikrowevu haichomi. Rangi ya kahawia na harufu ile inayomsimamisha mpita njia hutokea pale uso wa nyama unapovuka nyuzi 140 au zaidi, na nyama iliyojaa mvuke haivuki 100. Nguruwe wa maikrowevu hutoka mweupe mweupe, na anayemtazamia kama kitimoto cha baa, kile cha sahani kubwa na ndizi za kukaanga, atasikitika. Kosa ni kuvilinganisha. Kile cha baa ni mkusanyiko: watu, meza, bia, mazungumzo, nyama ya kuchokonoa kwa vijiti huku mechi ikiendelea. Hakuna anayekigusa, na mbuzi katoliki, jina la utani la nguruwe huyo, ataendelea na ufalme wake. Ninachozungumzia ni mlo wa Jumanne saa saba mchana, mtu hana hamu ya mafuta mazito, nguo imegandamana mgongoni. Pale weupe wa nyama ni wa kufaa, maana ladha inaletwa na ndimu, chumvi, pilipili na embe bichi, vitu ambavyo pwani imevijua karne nyingi kabla ya umeme. Sisi tunaokula pweza wa baridi kwa ndimu na pilipili kando ya bahari hatuna sababu ya kushangaa nyama ya baridi.

Hofu ya mionzi haihitaji aya ndefu. Mawimbi ya maikrowevu si ya jamii ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi, hayabaki ndani ya chakula, na hukoma papo hapo mlango unapofunguliwa. Mlango uliopinda au usiofunga sawasawa ni jambo jingine, na mashine hiyo isitumike. Hatari ya kweli, ambayo haizungumzwi, iko kabatini: sahani za melamini, zile ngumu zenye maua zilizojaa majumbani kwetu, hazifai kabisa kwenye maikrowevu kwa sababu zenyewe hupata moto na zinaweza kutoa kemikali kwenye chakula. Vivyo hivyo makopo ya siagi na aiskrimu yaliyogeuzwa vyombo vya nyumbani. Kioo na udongo, basi.

Kuna atakayesema kwamba haya ni maneno ya wenye nacho, na umeme wenyewe hauaminiki. La kwanza lina ukweli. Kaya nyingi nchini hazina maikrowevu na sitamshauri mtu aliye na jiko moja aende dukani kuinunua kwa sababu ya makala ya gazeti. Nasema na wale ambao tayari wanayo, katika nyumba za kupanga, hosteli na ofisi, wakiitumia kama kabati la kupashia. Na kwa asiyekuwa nayo, nusu ya hoja bado ni yake: nyama ya milimita 3 kwenye kikaango cha gesi huiva kwa dakika tatu au nne, na mtungi wake utamshukuru. Kuhusu umeme, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limebadilisha hesabu za taifa, lakini nguzo ikianguka mtaani hesabu za taifa hazipashi sufuria. Kanuni ni moja: umeme ukikatika nyama ikiwa nusu njia, isingojee. Ihamishiwe kwenye gesi au mkaa saa ileile mpaka iive, kwa sababu nyama iliyopata uvuguvugu na kuachwa ni kitalu cha vijidudu zaidi kuliko ile mbichi.

Na wapo ambao nguruwe hawamli kabisa, Waislamu na Wasabato miongoni mwao, ambao ni wasomaji wa gazeti hili kama mwingine yeyote. Kwao kisu na mashine vinafanya kazi ileile kwa kidari cha kuku, mradi kikatwe vilevile na kipimwe nyuzi 74. Ila kwa anayekula nguruwe akiwa kazini, pale maikrowevu ni moja na wanaoitumia ni ishirini, adabu inatangulia hamu: asiipikie wala kuipashia humo nyama hiyo bila wenzake kuridhia. Bakuli la reishabu halihitaji kupashwa. Hilo nalo ni jambo la kuipendea.

Inabaki bucha. Ingia katika bucha nyingi za nguruwe mjini utakuta gogo, panga na mizani. Mteja anataja kilo, panga linashuka, mfupa na nyama vinaingia pamoja kwenye mfuko. Mtindo huo una mantiki yake, kwa kuwa mfupa nao una uzito unaolipiwa na anayeuza hataki kubaki nao. Lakini mashine ya kukatia nyama vipande vyembamba si kitu kigeni; ndiyo inayokata bekoni na hemu katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na bucha yenye friza tayari ina nusu ya vifaa vinavyohitajika. Mwenye bucha anaweza kuanza bila hata hiyo mashine: mapaja mawili yaliyotolewa mfupa, yakakakamazwa kwenye friza tangu alfajiri, kisu kirefu kilichonolewa, na trei za gramu 300 zilizotandazwa kwa tabaka zenye karatasi katikati. Bei iwe juu ya ile ya nyama yenye mfupa, na mifupa iuzwe kando kwa wanaotaka supu, ambao hawakosekani. Kwenye trei aandike unene kwa milimita, tarehe, na mstari mmoja chini yake: wati 700, dakika 4, geuza, dakika 3, funika utulize.